Nimenunua SDS duka la kemikali Mbeya mjini: poda nzuri, mwenye duka hapana

Kwanza nitoe haki ya duka, maana nisipoisema sasa hasira itaniwahi. Poda yenyewe ni safi. Ukiiyeyusha maji yanabaki maangavu, haina mchanga wala takataka, na bei yao inashinda kuagiza Dar na kungojea mzigo stendi. Anayetafuta SDS, yaani sodiamu dodesili salfeti, unga mweupe wa kusafishia na kutoa povu ambao wenzetu wa sabuni wanauita SLS, hapa Mbeya mjini ataipata kwao na haikatiki. Fomula na daraja la usafi mtatafuta wenyewe. Mimi nataka kuongelea kijana anayepima.

Nafanya kazi maabara ya mimea. SDS tunaitumia kwenye majani ya viazi na maharage tunapotoa DNA. Ukishaitia, utando wa seli unaachia kwa sababu sehemu kubwa ni mafuta, na protini zinafumuka zinapoteza umbo lake. Kwa kazi hiyo sijaona mbadala wa bei yake. Sasa jicho la binadamu nalo limeumbwa kwa seli na protini hizo hizo. Kemikali haichagui kama imetua kwenye jani la kiazi au kwenye jicho la mtoto wa mtu.

Nilifika asubuhi, ule msimu wa baridi ambao Mbeya mnaujua, nikaomba kilo moja. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya kaunta anaota jiko la mkaa. Kijana akavuta gunia, akafungua mdomo, akaingiza mkono mtupu na kopo la siagi lililokatwa, akawa anachota kama anayepima sembe. Mlango wazi, malori ya Tunduma yanapita, kila lori likipita upepo unaingia na poda inanyanyuka. SDS ya unga ni nyepesi mno. Mimi niliyesimama upande wa pili wa kaunta nilianza kuwashwa koo, mdomoni nikasikia ladha ya sabuni. Yeye kichwa chake kilikuwa juu ya gunia kabisa. Hana barakoa, hana glavu, hana miwani. Akakohoa, akapiga chafya, kisha akajifuta jicho kwa mkono ule ule uliokuwa ndani ya gunia.

Nikamwambia, "Mwanangu, acha kila kitu, kanawe jicho sasa hivi." Akamwangalia bosi wake kwanza. Hilo tu lilinikata maini: jicho linachuruzika machozi, bado anaomba ruhusa kwa macho.

Bosi akasema bila hata kunyanyuka, "Mama, hiyo ni sabuni tu. Hata dawa ya meno unayopigia mswaki imo. Usimdekeze."

Ni kweli imo. Lakini kwenye dawa ya meno ni asilimia moja au mbili hivi, imechanganywa, na unaitema. Kwenye lile gunia ni karibu tupu. Madaktari wa ngozi wanapotaka kupima ngozi inavyokereka, hii ndiyo wanayopaka makusudi, tena ikiwa imepunguzwa kwa maji. Na kwa jicho habari ni nzito zaidi, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanaiandika kwamba inaweza kuleta madhara makubwa ya jicho. Hayo si maneno yangu. Yalikuwa kwenye gunia lake mwenyewe! Nilipozunguka kaunta kumshika kijana mkono, niliiona lebo imegeuziwa ukutani: alama ya kemikali inayokula mkono na chuma, alama ya mshangao, na alama ya moto. Ndiyo, ya moto pia, maana unga huu unawaka, na ukiungua unatoa moshi wa salfa unaochoma kifua. Jiko la mkaa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Nikaomba maji. Nikaletewa jagi na ndoo. Nikamlaza kijana kichwa upande, jicho lenye poda likiwa chini ili maji yasihamie kwenye lile zima, nikamfungua kope kwa vidole na kummiminia taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje. Maji ya Mbeya asubuhi ni barafu, kijana anatetemeka, lakini alivumilia. Kanuni ni dakika 15 zisizopungua, maji yanatiririka, kope ziko wazi, na lensi kama zipo zinatolewa. Hatukufika hata nusu. Wateja wakaingia na bosi akaita, "Inatosha, njoo upime!" Nikamwambia haitoshi. Akanijibu, "Mama, umekuja kununua au kuniharibia biashara?"

Nina umri wa kumzaa yule kijana na pengine hata wa kumzaa huyo bosi. Sijazoea kujibiwa vile mbele za watu. Lakini siandiki kwa sababu ya heshima yangu. Naandika kwa sababu alimwondoa mtu kwenye maji akiwa bado hajasafishwa jicho, akamrudisha kwenye gunia lile lile.

Poda iliyomwagika akaamuru imwagiwe maji. Sakafu ikajaa povu, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akateleza, akadakwa na watu. Poda ya namna hii haifagiliwi kavu kwa sababu itapaa, wala haimwagiwi ndoo ya maji. Inakusanywa polepole kwa karatasi au kitambaa chenye unyevu, inatiwa kwenye chombo chenye mfuniko, ndipo sakafu inapanguswa. Na mfereji wao unakwenda kijitoni, na kemikali hii inadhuru viumbe wa majini.

Nikaomba karatasi ya taarifa za usalama ambayo kemikali ya hatari kama hii inatakiwa kuja nayo. "Karatasi gani? Risiti si umepewa?" Kilo yangu nikakabidhiwa kwenye kifuko cha nailoni kilichopigwa fundo, hakuna jina, hakuna alama, kitu cheupe tu ambacho mtu anaweza kudhani ni sukari ya unga. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Asiseme hakuna wa kumuuliza.

Nimeona wengine wakililaumu duka kwamba SDS yao wakishaiyeyusha inaganda usiku. Hapo mnalionea. Mchanganyiko wa asilimia 10 ukishuka chini ya nyuzi 20 hivi unaanza kutoa chembe nyeupe, na Juni na Julai chumba cha hapa hakifiki huko bila hita. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, izungushe pole pole bila kutikisa, itarudi kuwa maji. Msiimwage. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuwapa nyota tatu kwa ajili ya ubora huo na bei. Nikafika kwenye habari ya jicho zikawa mbili. Sasa nakumbuka "inatosha, njoo upime" na naona hata mbili ni nyingi. Moja.

Mtaniambia mbona maduka mengi yanafanya hivyo. Najua. Ndiyo maana inaniuma. Akina mama wa vikundi vya sabuni wananunua pale pale, kifuko kile kile, wanakwenda kupimia jikoni watoto wakiwa pembeni, mikono mitupu mpaka ngozi inakauka na kupasuka, kisha wanadhani ni baridi. Miwani ya plastiki na boksi la barakoa havimfilisi mwenye duka mwenye gunia zima la SDS. Akivinunua, na lebo ikatazama wateja, nitarudi kwake, maana poda yake naitaka kweli. Kabla ya hapo naagiza Dar, nangojea stendi.

Mliokwisha nunua: kifuko hakina jina, basi andikeni wenyewe leo, kwa kalamu isiyofutika, na kitieni kwenye chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko, mbali na jikoni na mbali na tindikali na jiki. Pimeni mahali pasipo upepo, mkiwa na barakoa, glavu na miwani. Wekeni poda polepole ndani ya maji. Ikiingia jichoni ni maji dakika 15, halafu hospitali, na mkifika mtajeni jina lake kamili, sodiamu dodesili salfeti, msiseme ni sabuni. Na kama kuna anayemfahamu yule kijana, tafadhali amwambie akaangaliwe jicho la kulia.