Nimeagiza mchoro wa mto wa Van Gogh, wamenikunjia watu

Jamani hasira niliyonayo acheni tu. Kuna jamaa wanaprinti michoro kwenye kanvasi, jina sitaji sitaki kesi, niliwaagiza ule wa mchoraji Vincent van Gogh wa mto Rhône usiku, aliouchora mji wa Arles, Ufaransa, 1888. Sio ule wa nyota zinazunguka-zunguka mnaouona kwenye vikombe na makava ya simu, ule wa mwaka uliofuata. Huu mto umetulia, taa za gesi za mjini zimeshuka kwenye maji mistari mirefu ya dhahabu, juu nyota za Dubu Mkubwa, na chini kule kulia mtu na mpenzi wake wanatembea wameshikana mkono.

Sasa mzigo umefika, nafungua, hao wapenzi siwaoni! Kumbe hawakuacha nafasi ya kukunjia, wamechukua mchoro wenyewe wakaupindisha kwenye fremu, vimebaki vichwa viwili vimechomoza kama watu wanaozama, na huko chini stepla imepita katikati ya gauni la mama wa watu.

Nikawatumia picha, kistaarabu kabisa. Jibu: "Dada, hiyo ni picha ya mto, hao watu ni mapambo tu. Ukitaka nyingine unalipia upya."

Mapambo! Vincent mwenyewe alivyomwandikia mdogo wake Theo kuhusu huu mchoro aliwataja hao wapenzi, mtu katoka usiku kasimama anachora chini ya taa ya gesi, anahangaika na rangi hazionekani vizuri, halafu wewe na stepla yako unaamua nani abaki nani akunjwe?

Haya, niseme ukweli, bluu wameipatia. Nimewahi kununua kopi mtaani ikaja zambarau hivi, hii hapana, bluu yenyewe imekolea na ile njano kwenye maji inawaka, mgeni akiingia anaisifia hata kabla hajakaa, kwa hiyo kuirudisha siirudishi. Nilishasema nitawapa nyota tatu yaishe.

Ila jana wakanitumia meseji ati "mteja wetu mpendwa" tuwekee nyota tano na picha ya kanvasi ikiwa ukutani. Mpendwa gani, mliyemwambia alipie upya? Basi nimeweka moja, na picha nimewapigia ile pembe ya chini tu, stepla zote zinaonekana.