Kabla ya Kununua Rock ya Zamani, Sikiliza Dramu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba yangu alikuwa akihudumu baa ya hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, enzi zile Wajerumani wakishushwa kwa mabasi. Mgeni mmoja alimwachia kanda ya Scorpions, bendi ya rock ya Kijerumani, na kanda ile ilipigwa nyumbani kwetu mpaka redio ikaitafuna. Mwaka huu mzee ametimiza miaka sabini, nikasema nimtafutie nyimbo zake. Nikaingia duka moja mjini, nikaambiwa, "Hii orijino, dada, imetoka nje." Nikatoa shilingi 1,800 bila kubishana.

Jioni tukakaa barazani. Mluzi wa "Wind of Change" ulipoanza, uso wa mzee ukachanua. Ikaingia sauti ya mwimbaji wao Klaus Meine, ile ile. Mzee alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akigonga kaunta zamani. Dramu zilipoingia, vidole vikasita. Akajaribu tena, vikasita tena.

"Mwanangu," akaniambia, "anayeimba ni yeye. Anayepiga siye."

Nikaisoma kava chini ya taa. Ni Comeblack, albamu ya 2011: nyimbo saba za Scorpions zilizorekodiwa upya, na sita za watu wengine. Herman Rarebell, aliyepiga dramu kwenye "Still Loving You" ya 1984 na "Wind of Change" ya 1990, alikuwa ameshaondoka tangu miaka ya tisini, na kiti chake alikikalia James Kottak. Besi nayo haikuwa tena mikononi mwa Francis Buchholz. Mzee hakusoma hata herufi moja ya hayo. Alisikia tu.

Ndiyo maana sitawaeleza habari za ubora wa sauti, wala idadi ya nyimbo, wala uzuri wa kava. Hayo kila mtu anayaangalia. Mnunuzi humsikiliza mwimbaji, akiridhika analipa, na bendi nyingi zinazorekodi upya humbakisha mwimbaji au humtafuta mwenye sauti inayofanana naye. Mpiga dramu hakuna anayemuuliza. Na mpiga dramu ndiye mwendo wa wimbo: akibadilika, hata mguu wako unajua.

Kwa nini warekodi tena kitu walichokwisha kukirekodi? Wimbo una haki mbili. Moja ni ya utunzi, nyingine ni ya rekodi yenyewe, na hii ya pili mara nyingi iko mikononi mwa kampuni iliyogharamia studio. Bendi ikirekodi upya inapata rekodi yake yenyewe, inaiuza yenyewe, na mwenye filamu au tangazo akitaka wimbo ule anaweza kuja kwao moja kwa moja. Siwalaumu hata kidogo, ni jasho lao. Ninayemlaumu ni anayeniuzia ya 2011 huku akiniambia ni ya 1984.

Msichanganye maneno mawili. Remastered ni rekodi ile ile ya zamani iliyosafishwa sauti, wapigaji wale wale, nunueni bila wasiwasi. Re-recorded ni kazi mpya, na huandikwa kwa herufi ndogo mno nyuma ya kava. Kuna na maneno Original Artists, ambayo yana mtego: mwimbaji anaweza kuwa ni yule yule kweli, lakini rekodi ikawa ya juzi.

Sasa niwapange waliorekodi upya. Kwangu mimi namba moja ni Def Leppard, bendi ya rock ya Uingereza, na sifichi kwamba nawapenda. Mwaka 2012 walikuwa wamekosana na kampuni yao kuhusu malipo ya nyimbo zinazouzwa kwenye intaneti, wakaingia studio na kurekodi upya "Pour Some Sugar on Me" na "Rock of Ages" zifanane kabisa na za mwanzo. Mwimbaji wao Joe Elliott mwenyewe aliziita za kughushi, hadharani, na huo kwangu ni uungwana. Lakini kinachonifanya niwaweke juu ni mpiga dramu wao, Rick Allen. "Rock of Ages" ilitoka 1983, naye ana mikono yote miwili. Tarehe 31 Desemba 1984 akapata ajali ya gari na kupoteza mkono wa kushoto. Akatengenezewa dramu za umeme zenye pedali, kazi ya mkono ule akaifanya kwa mguu wa kushoto, na hivyo ndivyo alivyopiga kwenye albamu ya Hysteria ya 1987. Mwaka 2012 akaketi tena kuupiga wimbo alioumudu akiwa na mikono miwili, na bendi ile haikumtafuta mtu mwingine. Gitaa la Steve Clark halimo, alifariki 1991, nafasi yake yupo Vivian Campbell. Nimempigia mzee zote mbili. Vidole havikusita. Rekodi zao za awali ziliwekwa kwenye intaneti mwaka 2018, kwa hiyo ukizipata na zile za 2012 unaweza kuzilinganisha.

Wa pili ni Eagles, bendi ya Marekani. "Hotel California" ya 1976 ina dakika 6 na nusu. Ile ya albamu ya Hell Freezes Over ya 1994 inapita dakika 7, imerekodiwa mbele ya watu, inaanza kwa gitaa la nyuzi za nailoni na ngoma za mkono, na inachukua muda kabla watu hawajaitambua na kupiga kelele. Randy Meisner alishaondoka, besi ni ya Timothy B. Schmit. Hapa hudanganywi, maana wimbo umevishwa nguo nyingine kabisa, na imeupendeza.

Watatu ni Journey, nao wa Marekani. Arnel Pineda, Mfilipino ambaye mpiga gitaa wao Neal Schon alimwona YouTube mwaka 2007, anaimba nyimbo 11 za zamani kwenye diski ya pili ya albamu ya Revelation ya 2008. Sauti yake inamkaribia mno Steve Perry, mwimbaji wao wa zamani. Ila "Don't Stop Believin'" ya 1981 ilipigwa dramu na Steve Smith, mtu wa jazz, mkono wake mwepesi. Deen Castronovo, wa diski hii, anapiga kwa nguvu zaidi. Kwa safari ya gari inafaa. Kwa mzee wangu, hapana.

Bendi ya Foreigner na mwimbaji Kelly Hansen, sawa kwa asiyemjua Lou Gramm, mwimbaji wao wa mwanzo. Scorpions ile niliyouziwa naiweka mwisho, na inaniuma kwa sababu bendi yenyewe naipenda.

Flashi za mia tatu pale stendi ya tuktuk: nyimbo mia tano, majina yamekosewa, hujui nani anapiga nini. Pita.

Lakini wauzaji wa mji huu wamenichosha. Ukiuliza rock wanadhani unamnunulia mzungu, bei inapanda papo hapo. Agosti na Desemba, msimu wa Waitaliano, inapanda zaidi. Ukiomba usikilize kabla ya kulipa, spika eti imeharibika. Ng'ang'ania. Omba wimbo mmoja unaoujua, ruka mwanzo, nenda pale dramu zinapoingia, halafu usikilize ya zamani kwenye simu yako hapo hapo kaunta. Hata dakika mbili hazifiki.

Mimi nilirudi na CD yangu kesho yake. Nikajibiwa kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudi. Pale rafuni, nyuma ya kichwa cha muuzaji, palikuwa na nakala nyingine kama yangu, na kibandiko kipya cha bei: shilingi 2,200. Kilikuwa kimebandikwa juu ya mwaka.