Uzoefu wangu na "Fragments": diski tano za Bob Dylan akigombana na prodyuza wake

Mke wangu aliponiuliza bei ya hili kasha, nilimtajia nusu. Hapa nitasema kweli kwa sababu yeye hasomi mambo ya muziki: ni zaidi ya dola mia moja, kwa ajili ya albamu ninayo tayari tangu 1998, ya mwimbaji ambaye nyumbani kwangu hana shabiki mwingine ila mimi. Binti yangu anasema ni kama mtu anaongea huku ana mafua.

Kasha linaitwa Fragments. Lilitoka Januari 2023, na ni la 17 katika mfululizo wa kanda za Bob Dylan zilizokuwa zimefungiwa ghalani. Diski tano na maandishi ya kusoma, vyote kuhusu albamu moja tu: Time Out of Mind, iliyotoka tarehe 30 Septemba 1997, Dylan akiwa na miaka 56. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka saba bila albamu ya tungo zake mpya. Katikati alitoa mbili za nyimbo za kale za watu wengine, yeye na gita lake, na wengi wakaona mzee ameshamaliza mwendo. Kumbe. Akaja na nyimbo 11, dakika 72 na ushee, ya mwisho peke yake ikiwa na dakika 16 na nusu.

Niseme ninasikilizia wapi, maana kwa muziki huu mahali ni nusu ya habari. Miaka ya tisini nilipiga gita la rhythm katika bendi ya dansi Dar, bendi ambayo hakuna atakayeikumbuka na wala simlaumu. Sasa naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, baridi imegandisha hata vitasa vya milango, na Camry yangu ya zamani bado ina tundu la sidii. Dylan ni mtu wa jimbo hili hili. Alizaliwa Duluth mwaka 1941, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma huko kaskazini, na inasimuliwa kwamba nyimbo hizi nyingi aliziandika kwenye shamba lake hapa Minnesota wakati wa theluji. Mimi naliamini hilo bila ushahidi. Mwezi wa pili hapa unaweza kutembea nusu saa usikutane na mtu, na baada ya dakika kumi unaanza kujibishana na watu waliokuacha miaka ishirini iliyopita. Albamu nzima ni hiyo: mtu anatembea, anajibishana na asiyekuwepo.

Sasa kilichomo.

Mambo yanaanzia Oxnard, California, mwaka 1996, katika ukumbi wa zamani wa sinema ambao prodyuza Daniel Lanois, Mkanada, alikuwa ameugeuza studio na kuuita Teatro. Hawa wawili walishafanya kazi pamoja New Orleans mwaka 1989. Safari hii Dylan alimwelekeza mwenzake asikilize santuri za zamani sana, wapigaji wa blues kama Charley Patton na Little Walter, kwamba anataka mlio wa namna ile. Majaribio ya Teatro yamo kwenye diski ya pili. Watu wachache, ala zimeachiana nafasi, sauti iko karibu na sikio. Lanois aliyapenda mno. Ndipo Dylan akasema hawezi kufanya kazi karibu hivyo na nyumbani kwake, wahamie Miami. Vyombo vikapakiwa vikavuka Marekani yote, kutoka bahari hii hadi bahari ile, na Januari 1997 wakaanza upya kwenye studio ya Criteria.

Aliyewahi kuwa kwenye bendi anamjua kiongozi wa aina hii. Mmeshafanya mazoezi wiki tatu, wimbo umekaa, anaingia mlangoni na kusema leo tunaupiga kwa ufunguo mwingine, yaani sauti zote zipande au zishuke.

Miami palikuwa na msongamano. Lanois na watu wake, Dylan na wake: Jim Dickinson wa Memphis kwenye kinanda, Augie Meyers wa Texas na kinanda chake cha Vox chenye mlio wa kukwaruza, Duke Robillard kwenye gita, Cindy Cashdollar kwenye gita la kutelezesha chuma, Jim Keltner na Brian Blade kwenye drams. Dickinson alisimulia baadaye kwamba kuna wakati watu kama 12 walipiga kwa pamoja, wapiga drams zaidi ya mmoja, na magita mawili ya chuma yakilia kwa wakati mmoja, jambo ambalo yeye na ukongwe wake alikuwa hajawahi kulisikia. Niliposoma hilo nilicheka. Sisi tulirekodi redioni mara moja tu, watu kumi chumba kimoja, maikrofoni za kuhesabu, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo huku fundi mitambo akitazama saa. Kwetu ilikuwa shida ya vifaa. Dylan alikuwa na uwezo wa kurekodi kwa namna yoyote aitakayo duniani, akachagua ile shida yetu.

Hapo ndipo walipokorofishana. Lanois ni fundi wa kujenga hewa: mwangwi juu ya mwangwi, mapigo yaliyorudiwarudiwa chini kabisa, sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mitambo mpaka unadhani inatoka kwenye redio ya jirani. Dylan alitaka watu wapige, wimbo ukamatwe ungali moto, watu waende zao. Ugomvi unaojulikana zaidi ni wa wimbo wa Mississippi. Lanois aliutaka wenye mapigo ya kupishana, Dylan akaona mapigo yale yanameza maneno. Hawakuelewana, wimbo ukaachwa nje ya albamu. Mwaka 1998 Sheryl Crow akaurekodi yeye, na 2001 Dylan akaupiga tena kwenye albamu iliyofuata, ambayo aliitayarisha mwenyewe kwa jina la bandia la Jack Frost. Yaani alimfuta kazi mtu aliyempa ushindi, akajiajiri.

Humu kwenye kasha Mississippi imo zaidi ya mara moja, na kila mara ni wimbo mwingine. Nimezisikiliza mfululizo nikiwa nasubiri kioo cha gari kiyeyuke barafu. Toleo lililonishika ni lile jepesi, karibu magita matupu. Naona Dylan alikuwa na haki yake, ila sidhani Lanois alikuwa mjinga. Mapigo yenyewe ni mazuri, yangefaa wimbo wenye maneno machache.

Diski ya kwanza ndiyo iliyoleta mabishano kati ya wapenzi wa mzee huyu. Ni albamu ile ile, lakini Michael Brauer amezichanganya upya sauti kutoka kwenye kanda za mwanzo, akapunguza mwangwi na kumsogeza Dylan mbele. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyefutiwa miwani. Kinanda cha Augie Meyers, ambacho miaka ishirini na mitano nilikihisi tu, sasa nakihesabu noti kwa noti. Pumzi ya mzee inasikika kabla ya mstari. Wiki ya pili furaha ikapungua. Kwenye Love Sick, wimbo wa kufungulia, ule ukungu wa Lanois ndio uliokuwa unatisha; ukiuondoa unabaki na bwana mmoja mwenye kinyongo amesimama sebuleni taa zikiwa zimewaka. Kwa Standing in the Doorway usafi umesaidia sana. Kwa Cold Irons Bound umeharibu, wimbo ule ulitakiwa usikike kama bati linaburuzwa. Kwa hiyo diski ya kwanza naitumia mchana Jumapili, na asubuhi garini narudi kwenye sidii yangu ya 1998.

Lakini pesa yangu imelipwa na diski ya pili na ya tatu, na hasa na wimbo mmoja. Not Dark Yet kwenye albamu unakwenda polepole, kama mtu anayepanda ngazi akishika ukuta. Ni wimbo wa mtu anayeona jua linazama na hana haraka ya kuwasha taa. Nilidhani ulizaliwa hivyo. Kumbe toleo la mwanzo, la huko Miami, lina mwendo wa haraka, karibu wa furaha, kama mtu anawahi basi la Mbagala kule Dar. Maneno kadhaa ni tofauti. Siyo mbaya, ungepita redioni bila taabu. Halafu kwenye diski ya tatu unasikia toleo jingine, na unaelewa kwamba walikuwa wanautafuta mwendo, siku moja hivi, siku nyingine vile, mpaka ukatulia.

Hilo limenikaa kuliko nilivyotegemea. Kazini, saa tisa usiku, kuna mzee mmoja huamka na kutaka kutembea kwenye korido. Namshika mkono, twende. Mwanzoni nilikuwa namwendesha kwa mwendo wangu, nimalize nirudi kuandika ripoti. Yeye hasemi kitu, anapunguza tu, na mimi napunguza, mpaka tunafika mwendo ambao ukiwa mbali utadhani tumesimama. Ule ndio mwendo wa Not Dark Yet. Mwendo wa basi la Mbagala usingeufikia.

Watu hupenda kusema albamu hii aliitunga akiwa mahututi. Si kweli. Aliugua kweli, Mei 1997, maambukizi ya fangasi yaliyofika kwenye utando wa moyo, akalazwa, safari ya Ulaya ikafutwa, na magazeti yakaanza kuandika kama ya tanzia. Lakini nyimbo zilikuwa zimeandikwa na kurekodiwa miezi kabla. Tarehe 27 Septemba mwaka huo huo alikuwa Bologna, Italia, akimwimbia Papa Yohane Paulo wa Pili, na siku tatu baadaye albamu ikatoka. Nataja hili kwa sababu ukiamini kwamba ni kitanda cha hospitali kilichomfundisha, hutasikia kazi iliyofanyika. Diski ya pili na ya tatu zinaonyesha kazi: anafuta mstari, anashusha ufunguo, anaharibu wimbo mzuri kwa makusudi aone utageuka nini.

Tuzo zilikuja Februari 1998, Grammy tatu, mojawapo ya Albamu ya Mwaka. Usiku ule akiimba Love Sick, jamaa mmoja mwenye maandishi kifuani alirukia jukwaani akacheza pembeni yake kama aliyepandwa na pepo. Dylan akamtupia jicho, akaendelea kupiga. Kijana wake Jakob na bendi yake nao waliondoka na tuzo zao usiku huo huo.

Kwa upande wa binti yangu, kasha limeshinda mara moja. Ulipoanza wimbo wa Make You Feel My Love akaniuliza kwa nini huyu babu anamuiga Adele. Nikamwonyesha tarehe: Adele aliuimba 2008, babu aliutoa 1997. Alinyamaza mpaka tulipofika shuleni. Jioni nikamsikia anaupiga kwenye simu, wa Adele lakini, siyo wetu.

Malalamiko. Diski ya tano ni vitu vilivyokwishatoka 2008 kwenye toleo la 8 la mfululizo huu huu. Kama unalo, unalipia mara mbili, na kwa bei hii si haki. Diski ya nne ni rekodi za majukwaani, 1998 hadi 2001, nzuri kwa bendi, ila baadhi zina sauti ya hovyo, za kusikiliza mara moja. Na muuzaji wa mtandaoni niliyenunua kwake alifunga kasha kwenye karatasi tupu kama anapeleka mandazi. Kona moja imebonyea, diski ya tatu ina mkwaruzo. Niliandika barua pepe mbili, nikajibiwa kwamba muda wa kurudisha umepita, wakati kilichochelewa ni mzigo wao.

Kama hujawahi kumsikiliza Dylan, usianze hapa. Tafuta albamu yenyewe kwanza, sidii zake zilizotumika ni za bei ya soda. Kama unaijua na umri umeanza kukugusa magoti, kuna toleo dogo la diski mbili, ile iliyosafishwa na moja ya majaribio, linakutosha. Kasha kubwa ni la wapigaji, au la mtu kama mimi aliyeacha kupiga na bado vidole vinamwasha. Nyota nne.

Ile diski ya tatu iko garini mpaka sasa. Inaruka sehemu mbili, na sehemu ya pili mimi naimba kipande kilichopotea, mpaka mzee anapodaka tena.