Uzoefu wangu na seti ya kugema mepo nyumbani, Vermont

Jamani nimegema mepo (maple, ule mti ambao maji yake huchemshwa yakawa shira) mwenyewe msimu uliopita hapa Burlington, Marekani, nyuma ya nyumba, na seti niliyoagiza mtandaoni dola 60 na kitu: vibomba 3, ndoo 3 zenye vifuniko, biti ya drili, kitambaa cha kuchujia na kipimajoto. Vibomba na ndoo nawasifia kabisa, kipimajoto hapana.

Babu yangu Pemba alikuwa mgema, yule anapanda mnazi na kotama na kibuyu chake alfajiri. Huku hupandi popote, unasimama kwenye theluji, unatoboa tundu lenye kina kama sm 4 hivi likiinamia nje kidogo ili maji yashuke, unagonga kibomba taratibu kwa nyundo mpaka mlio ubadilike uwe mzito, hapo uache, ukizidisha unapasua mti. Na mti uwe mnene, sm 30 kwa upana, mwembamba usiuguse. Wa kwanza ulianza kudondosha hata sijavua glavu, nikakinga kidole nikaonja, maji matupu yenye utamu kwa mbaaali.

Yanatoka vizuri usiku ukiganda na mchana barafu ikiyeyuka, baridi ikishika kutwa nzima hupati kitu. Na yanachacha kama maziwa kwahiyo weka kwenye friji uchemshe mapema. Lita 40 zinakupa shira lita 1 tu, mvuke wake ni mwingi mno, chemshia nje, mi nilitumia jiko la gesi uani, povu likipanda unatia kipande kidogo cha siagi linatulia.

Sasa kipimajoto. Shira inaiva ikifika nyuzi 7 za Farenhaiti juu ya maji yanapochemkia, yani kama 219, nami nikaona 219 nikazima nikajaza chupa 4 nimefurahi kweli, wiki 3 baadae zote zina ukungu juu. Nikakitia kwenye maji yanayotokota kikasoma 217 badala ya 212! Kumbe shira yangu ilikuwa bado nyepesi. Kazi ya siku mbili imekwenda, iliniuma sana, na muuzaji nimemwandikia mara mbili kimya. Nikanunua kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya shira kuonyesha uzito wake, tangu hapo haijaharibika hata chupa moja. Kitambaa nacho chepesi, kinapitisha ule wanaouita mchanga wa sukari, yani chembe za madini, unatuama chini ya chupa, tafuteni kizito cha sufu.

Niliacha kugema vichipukizi vilipoanza kuvimba, maana hapo ladha inageuka. Bila zile zilizooza nimepata lita 2, za mwanzo rangi ya dhahabu, za mwisho nyeusi nyeusi na hizo ndo tamu zaidi kwangu. Mama kamwagia kaimati akasema hii si asali ya tembo la mnazi hii!

Mwakani vibomba hivi hivi, naongeza na ule mti wa karibu na uzio.