Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens: tazama magoti

Ukiwa na muda mfupi Athens, karibu kila mtu atakuelekeza Akropoli, kilima chenye mahekalu ya kale. Mimi nakuelekeza mtaa wa Patission, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Sanamu za Kigiriki nimeziona pia katika miji mingine ya Ulaya, lakini hapa ndipo nilipoelewa jinsi wachongaji walivyolifundisha jiwe kusimama kama mtu.

Ninachokisifu kwanza ni mpangilio. Sanamu zinafuatana kwa umri, kwa hiyo mabadiliko unayaona kadiri unavyotembea. Anza na sanamu ya kijana iliyotoka rasi ya Sounion, ya mwaka 600 KK hivi, marumaru ya kisiwa cha Naxos, urefu wa mita 3 na kidogo. Mguu wa kushoto uko mbele, mikono imebana mapajani, ngumi zimefumbwa. Mkao huo Wagiriki waliupata Misri, ila wao wakamvua nguo na kumwondolea nguzo ya mgongoni ambayo sanamu za Misri ziliegemea. Misuli yake ni mistari iliyochorwa juu ya jiwe, na masikio ni mapambo tu. Songa hadi kwa Kroisos, kijana aliyefia vitani, ambaye sanamu yake ilisimamishwa juu ya kaburi huko Anavyssos kama mwaka 530 KK. Mkao ni uleule, lakini mapaja yamejaa na mashavu yana nyama. Kisha Aristodikos, wa karibu mwaka 500 KK: mikono imeachana na kiwiliwili, nywele ni fupi, tumbo linaonekana lina pumzi ndani yake. Yote haya katika karne moja! Nenda na urudi kati ya hao watatu ukitazama magoti peke yake, utaniambia.

Makundi ya watalii hupita hapo mbio kuwahi dhahabu ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki. Ukilipia ziara ya kundi, uliza mapema kama inasimama kwenye sanamu.

Usimpite Phrasikleia, sanamu ya kaburi la msichana aliyekufa kabla ya kuolewa, iliyochongwa na Aristion wa kisiwa cha Paros na kufukuliwa mwaka 1972. Gauni lake bado lina mabaki ya rangi nyekundu, maana marumaru hizi hazikuwa nyeupe zamani. Maandishi yake yanasema ataitwa mwali daima, kwa kuwa miungu ilimpa jina hilo badala ya ndoa. Nilisimama hapo muda mrefu.

Ukienda na wazazi au wakwe, waandae: vijana wa kiume wako uchi kabisa. Wanawake wa enzi hizo wamevaa. Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, aliye uchi na anayeinua kiatu ampige Pan, mungu mwenye miguu ya mbuzi, ni wa karne nyingi baadaye, karibu mwaka 100 KK.

Halafu kuna mungu wa shaba aliyeopolewa baharini karibu na rasi ya Artemision, wa mwaka 460 KK hivi. Wataalamu wanabishana kama ni Zeus, mungu wa radi, au Poseidon, mungu wa bahari, kwa sababu silaha aliyoishika imepotea. Mimi nasema Zeus, kwani mkuki wa Poseidon wenye meno matatu ungemziba uso. Kisigino cha kulia kimeinuka, mwili wote uko tayari kurusha.

Lakini aliyenishika zaidi ni mtoto mpanda farasi, naye alitoka bahari hiyohiyo, wa karne ya pili KK. Wapo wanaoona asili ya Afrika katika sura yake. Paji la uso limekunjamana, mdomo uko wazi, miguu myembamba imebana farasi anayeruka. Baada ya vijana wale wote wasio na kovu wala wasiwasi, huyu ndiye mtu niliyehisi naweza kumfahamu. Kwangu, yeye peke yake anatosha kulipia tiketi.

Tenga asubuhi nzima. Picha zinaruhusiwa bila mwako wa kamera (flashi), ila usijipange kwa pozi mbele ya sanamu, walinzi watakuzuia. Nyota tano.