Zadig, programu ya kubadilisha draiva za USB kwenye Windows: bure, ndogo, na imeniokolea hela yangu (nyota 4 kati ya 5)

Kama umenunua kile kidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U ukitaka usikilize mawimbi kwenye laptopu, halafu programu ya redio inagoma kukiona, usikirudishe dukani kwanza. Mimi changu nilishakirudisha kwenye boksi nikijua nimepigwa, kumbe kizima kabisa. Vile vidude asili yake ni vya kuangalizia TV, kwa hiyo ukichomeka Windows inakitambua hivyo hivyo na kukipa draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa) ya TV, na draiva hiyo ikishakishika, SDR#, ile programu ya redio, haipati pa kuingilia.

Zadig inakuja kuvunja hiyo ndoa. Inatoa draiva ya TV inaweka WinUSB, draiva ya kawaida inayoruhusu programu kuongea na kidude moja kwa moja, basi. Ni faili moja tu, hakuna kuinstoo, na imetengenezwa na Pete Batard yule yule wa Rufus tunayochomea Windows kwenye flashi. Unaenda Options, unatiki List All Devices, unachagua Bulk-In Interface 0 (ndilo jina la kidude kwenye listi), unaangalia namba ya USB (changu ni 0BDA 2838), unabonyeza Replace Driver unasubiri kidogo, imeisha.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ile listi inaleta kila kitu, kibodi, mausi, kamera, bluetooth, vyote vimepangana hapo na ukiteleza ukachagua kibodi inapewa draiva isiyo yake na kuandika huwezi tena, kwa hiyo tafadhali soma ile namba mara mbili kabla hujabonyeza. Tena hakuna kitufe cha kurudisha ilivyokuwa, inabidi uingie Device Manager, ukiondoe kifaa pamoja na draiva yake, ukichomoe, ukichomeke upya. Kwangu nilipohamia tundu lingine la USB ilibidi nirudie zoezi zima.

Wa Linux hii haiwahusu, huko anayekidaka ni draiva ya TV iitwayo dvb_usb_rtl28xxu, mpige marufuku kwenye /etc/modprobe.d halafu uwashe mashine upya.

Mimi nakaa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege wa Dar, ndege zinatupitia juu ya bati kila siku. Jana usiku nimeweka kale kaantena kake dirishani, nikafungua 1090 MHz, masafa ambayo ndege hutangazia taarifa zake, nikawa naziona kwenye skrini namba zake na kimo chake kutoka ardhini zinavyoshuka, moja baada ya nyingine, mpaka saa saba. Sijalala vizuri na sijali.