Semina ya kuzuia kujiua pale Sinza: nendeni, ila mkale kabisa nyumbani

Kwa mnaoniuliza wasapu kama ile semina inalipa, inalipa. Kulipa elfu 30 ukapata chai na cheti si mbaya, ila msosi ulitoka saa tisa na projekta ilikuwa inazima kila baada ya slaidi mbili.

Mwezeshaji ni sista mmoja nesi wa afya ya akili, na hakutupiga mahubiri, alianza na namba moja kwa moja. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanakadiria watu 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, karibu robo tatu yao kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama sisi, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Halafu akatuuliza, haya, na za hapa Dar tunazipata wapi? Maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, familia inaogopa polisi, inaogopa na majirani, msibani mnaambiwa tu "kaanguka ghafla" imeisha hiyo, sasa ukishakosa hesabu ya kweli utajuaje nguvu uziweke wapi, Temeke au Kinondoni, kwa wanafunzi au kwa bodaboda?

Ya Sri Lanka ndo ilinikosha. Wale jamaa walifuatilia wakaona viuatilifu vya mashambani vinahusika na vifo vingi, wakaanza kupiga marufuku vyenye sumu kali zaidi, na kiwango chao kimeshuka kwa zaidi ya nusu toka miaka ya 90. Mzee mmoja muuza pembejeo aliuliza maswali hadi ikabidi tumwombe, mzee wetu, waachie na wengine.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya mazoezi. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii hilo wazo kichwani, sawa, tumeelewa, ila sisi watu wa "mambo vipi, mbona umepungua" tunahitaji kuzoesha mdomo na tulipewa dakika kumi tu! Tukaambiwa pia usimwache peke yake, mpeleke hospitali, lakini orodha ya pa kumpeleka hawakuiprinti, kila mtu akawa anaipiga picha ukutani.

Inayofuata ni Mbagala, bei ile ile. Walimu na viongozi wa vijana mlipie mapema, viti vichache.